Ukipewa kazi ya kuandika wasifu wa mwalimu wako

Simu ilinikuta sokoni Babati. Kitinda mimba wa Mwalimu wetu wa michezo na ushauri nasaha: "Dada, wewe ndiye unayejua kuandika. Tuandikie wasifu wa mzee." Mazishi kesho, saa nane mchana.

Usiku ule nikaandika kama tulivyozoea: kuzaliwa, chuo cha ualimu, vituo vya kazi, ndoa, watoto, kustaafu akiwa na miaka 60, maradhi. Nikausoma kwa sauti jikoni. Ukibadilisha jina tu, ungemfaa mtumishi yeyote wa serikali.

Basi nikaanza kupiga simu, na hapo nilikosea tena. Usimuulize mtu "alikuwa mtu wa namna gani?" Atakujibu mpole, mcheshi, mcha Mungu, na hutapata kitu. Mimi nilianza kupata nilipouliza, "Ukimaliza mbio wa mwisho alikuwa anakwambia nini?" Mmoja akacheka hadi akakohoa. Alikuwa anaambiwa, "Umefika. Kanywe maji, kesho saa kumi na moja." Hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, barabara ya vumbi, wengi wetu peku, naye kavaa saa ya kuhesabia muda shingoni kwa kamba ya kiatu. Ukiteuliwa kwenda UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, alikununulia soda. Usipoteuliwa pia alikununulia, ila hiyo ulinywa peke yako naye.

Na hakuna aliyepita mikononi mwake asiyemjua Filbert Bayi: Christchurch, Februari 1974, kashika mbele tangu mwanzo, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand akimfukuza hadi utepe. Alisimulia kana kwamba alikuwepo uwanjani.

Upande wa michezo ndio rahisi, kwa kuwa kila mtu aliuona. Kazi ilikuwa ushauri nasaha. Ofisi yake ilikuwa nusu stoo: mipira, mikuki, magunia ya jezi, kisha viti viwili. Ukiingia mle hakuna ajuaye umefuata jezi au umefuata kulia. Nadhani alipanga hivyo makusudi, ingawa sikuwahi kumuuliza.

Habari yangu mwenyewe niliisoma bila woga. Kwenye selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, nilijaza PCB (fizikia, kemia, biolojia) kwa sababu binamu yangu alisoma PCB. Mwalimu akauliza fizikia nimepata ngapi. Ishirini na tatu. Hakusema neno, akanisogezea kifutio. Nikaenda HGL: historia, jiografia na Kiingereza.

Lakini kuna mwenzetu mmoja alinipa kisa cha msichana aliyepata mimba, enzi zile mimba ilikuwa tiketi ya kufukuzwa, kabla serikali haijaruhusu, Novemba 2021, warudi shuleni. Namna Mwalimu alivyokwenda kwao, alivyokaa na baba yake hadi usiku. Kisa kizuri, kingeliza turubai zima. Nikakikata. Yule msichana leo ni mama wa watu mjini hapa hapa, na mama mkwe wake angekuwa mstari wa tatu. Kutotaja jina hakusaidii, mji mdogo unajaza wenyewe. Mpigie mwenye habari. Akikataa au usipompata, acha. Mimi niliandika sentensi mbili tu: "Wapo mliomkimbilia kwa mambo ambayo hayatasomwa hapa. Amekwenda nayo." Nilipofika hapo nikaona vichwa kadhaa vimeinama, na sikutazama ni vya nani.

Dakika tano zinatosha, kurasa mbili za mwandiko mkubwa. Ukizidisha, mshereheshaji atakuchukulia kipaza sauti.

Baada ya siku tatu mama, mjane wa Mwalimu, aliniita. Sandukuni kulikuwa na madaftari ya aina mbili. Yale ya ushauri nilifungua moja, nikaona jina ninalolijua, nikalifunga. Tuliyachoma kwenye jiko la nje, mama akichochea. Nawe ukiyakuta, usiyasome kwanza ndipo uamue.

Yale ya mbio tumeyagawa kwa wenyewe. Kwenye langu kuna jina langu, 1500, dakika 5 sekunde 41, na pembeni kwa wino mwekundu: "Anageuka nyuma."