Maswali yenu: Farasi wa mabawa wa Fire Emblem

Safari hii maswali karibu yote yanahusu wapanda farasi wa mabawa katika Fire Emblem, mfululizo wa gemu za vita vya kuchezwa kwa zamu, ulioanza Japani mwaka 1990 kwenye mashine ya Nintendo.

Swali: Nacheza Three Houses, mojawapo ya gemu za mfululizo huu. Ingrid wangu, mwanafunzi anayepanda farasi wa mabawa, ni mwepesi na humpiga adui mara mbili. Lakini wapiga mishale wawili wakimlenga, kwisha habari yake. Uhai wake si mdogo. Nimwongezee Ulinzi?

Jibu: Hapana, Ulinzi hautamwokoa. Upinde ukimlenga anayeruka, nguvu ya silaha huzidishwa mara 3, ndipo ijumlishwe na Nguvu ya mpigaji. Iron Bow (upinde wa chuma) ina nguvu 6. Mpigaji mwenye Nguvu 12 humwendea askari wa miguu na 18, lakini Ingrid humwendea na 12 + 18, yaani 30. Ulinzi wake ukiwa 9, anapoteza uhai 21 badala ya 9. Kinachozidishwa ni silaha tu, si Nguvu, kwa hiyo adui akibadilisha upinde wa chuma kwa ulio bora zaidi, pengo linapanuka haraka kuliko unavyoweza kuliziba. Uchawi wa Excalibur nao huwaonea wanaoruka vilevile.

Dawa ni mahali anapomalizia zamu yake. Upinde hufika miraba 2, na adui wa daraja la Archer au Sniper (madaraja ya wapiga mishale) huongeza 1. Jumlisha na hatua anazoweza kutembea, ndilo eneo la kuliepuka. Unapomsogeza Ingrid, tazama mistari myekundu: gemu yenyewe inakuonyesha nani anapanga kumlenga pale unapotaka kumweka.

Kisha tumia Canto, ambayo wachezaji wengi huisahau. Akishapiga, hatua alizobakiza bado ni zake. Akiwa na hatua 6 na ametumia 4 kumfikia adui, ana 2 za kurudi nyuma ya mwenzake mwenye ngao. Ukizimaliza zote 6 kwenda, umemwacha uwanjani peke yake, na hapo ndipo wengi wanapompoteza.

Jambo moja linawashangaza wanaoanza: mpiga mishale ni windo zuri la Ingrid, mradi Ingrid ndiye aanze. Upinde kwa kawaida haupigi mraba wa jirani, basi akimsogelea kwa mkuki hajibiwi. Fungua kwanza taarifa za adui. Ukiona Close Counter, yaani uwezo wa kujibu hata mraba wa jirani, mwache, mtume mwingine.

Swali: Wakati mwingine Ingrid hampigi adui mara mbili hata kama Kasi yake ni kubwa. Kwa nini?

Jibu: Uzito wa silaha. Gawanya Nguvu yake kwa 5, toa jibu hilo kwenye uzito wa silaha, na kinachobaki kinakatwa kwenye Kasi. Nguvu 15 hubeba uzito 3, kwa hiyo mkuki wa uzito 9 unamla Kasi 6. Ili apige mara mbili anahitaji kumzidi adui kwa 4. Mpe mkuki mwepesi, au abaki daraja la Pegasus Knight (mpanda farasi wa mabawa) mpaka alimudu kabisa (pointi 100 za daraja) apate uwezo wa Darting Blow, unaoongeza Kasi ya kushambulia kwa 6 kila anapoanza yeye kushambulia. Akishambuliwa, haufanyi kazi.

Swali: Mtihani wa Pegasus Knight unahitaji nini hasa?

Jibu: Kiwango cha 10, muhuri mmoja wa mtihani uitwao Intermediate Seal, mkuki daraja C na kuruka daraja D. Unaweza kujaribu ukiwa na pungufu, lakini ukifeli muhuri umekwenda, kwa hiyo hifadhi gemu kabla. Malengo ya mwanafunzi yaweke kwenye mkuki na kuruka mapema, na kila ikitokea kazi ya pamoja ya Sky Watch, mpange yeye. Wanaume hawapokelewi katika daraja hili.

Swali: Katika hadithi za Wagiriki Pegasus alikuwa mmoja, na aliyempanda ni mwanamume. Wametoa wapi kundi zima na wanawake watupu?

Jibu: Uko sahihi. Pegasus wa Wagiriki alichomoka kwenye shingo ya Medusa alipokatwa kichwa na Perseus, na Bellerophon alimpanda kwa hatamu ya dhahabu ya Athena akamuua Chimera. Lakini wazo la kundi si geni: Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kuwa Ethiopia, kwa maana ya nchi zilizo kusini mwa Misri, ina farasi wenye mabawa na pembe waitwao pegasi. Sharti la wanawake ni desturi ya gemu. Mpandaji unayempata mapema katika gemu ya kwanza ni Caeda, binti mfalme wa Talys, na kutoka hapo utaratibu ukashika. Fates, gemu ya mfululizo huu ya mwaka 2015, iliuvunja kupitia Subaki, mwanamume. Kwa maoni yetu, Three Houses ilikosea kuurudisha.

Swali: Kwenye Fire Emblem ya Game Boy Advance nina Florina na Fiora, wapanda farasi wa mabawa, lakini shambulio lao la pamoja, la pembetatu, halitokei.

Jibu: Wanatakiwa watatu. Wa tatu ni Farina, anayepatikana kwenye hadithi ya Hector tu, na kumwajiri ni dhahabu 20,000. Wote watatu wamguse adui mmoja kwa miraba ya jirani, si kwa pembe, kisha mmoja wao aanze kupiga. Pigo linakuwa la hatari, madhara mara 3. Shida ni kwamba dada wote watatu wamekusanyika sehemu moja, kwa hiyo hakikisha hakuna upinde karibu, na adui mwenyewe awe ni wa kustahili, kwa mfano mkuu wa ramani.

Swali: Elysian Whip, kifaa cha kumpandisha daraja, nimpe Florina kwenye kiwango cha 10 au nisubiri 20?

Jibu: Inakubali kuanzia 10. Akipanda daraja anarudi kiwango cha 1 na kupata upanga juu ya mkuki, ila viwango ulivyoruka havirudi. Kama bado anastahimili vita, subiri. Kama anadondoka kila ramani, mpe sasa.