Ukianza Kuamkiwa "Shikamoo" Ofisini

Nilikuwa na umri wa miaka 43 nilipotambua kuwa sikuwa tena "dada" katika idara yetu ya uhasibu jijini Dar es Salaam. Vijana wanne walikuwa wameajiriwa moja kwa moja kutoka chuoni, na asubuhi yao ya kwanza mmoja wao, mzaliwa wa Tanga, alisimama kando ya meza yangu, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Shikamoo, mama." Nilimjibu upesi mbele ya wenzake: "Usinizeeshe bwana, sema mambo." Wenzake wakacheka. Yeye alilikumbatia faili lake, akaomba samahani, akarudi kwenye kiti chake.

Jibu lile lilikuwa kosa. Shikamoo, kama tulivyoelezwa na wazee wetu, inatokana na maneno ya kushika miguu, yaani kujishusha mbele ya aliyekuzidi umri, na marahaba ndiyo namna ya kuipokea heshima hiyo. Ukiikataa unamfedhehesha aliyeitoa, hasa yule ambaye kwao kumpita mkubwa bila kumwamkia ni utovu wa adabu unaowaaibisha hata wazazi. Kilichoniuma siku ile ni umri wangu, nami nikamtwika maumivu hayo mtoto wa watu.

Baada ya hapo aliniambia "habari za asubuhi" tu, wala hakuniita kwa jina lolote. Mwezi wa pili niliandaa hati ya malipo ya mtoa huduma mmoja, kwa ankara ya shilingi 11,800,000 ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo, ya asilimia 5 ilipaswa kukokotolewa kwenye thamani ya huduma yenyewe, yaani shilingi 10,000,000, lakini mimi niliikokotoa kwenye jumla yote, nikakata 590,000 badala ya 500,000. Hati ilipita mikononi mwake, akaliona kosa, akanyamaza. Mtoa huduma alipolalamika nilimuuliza kijana yule, naye akanijibu kwa sauti ya chini, "Niliona, mama, ila niliogopa kukusahihisha."

Nilimwita pembeni, nikamwomba radhi kwa yale ya asubuhi ya kwanza, nikamwambia kuwa salamu yake naipokea kwa moyo wote, na kwamba akiona kosa kwenye karatasi zangu anieleze saa ileile, kwa kuwa kufanya hivyo si kunivunjia heshima. Kesho yake aliniamkia. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza hali ya nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukianza kuamkiwa, itikia, tena kwa ukamilifu. Kama neno "mama" au "mzee" linakuelemea, mweleze mhusika mkiwa wawili, baada ya kuipokea salamu yake. Mwenzako aliyekulia Nairobi, ambako shikamoo haisikiki sana maofisini, usimhesabie kiburi akikusalimu kwa "habari". Vikaoni mimi napendelea "Ndugu", neno ambalo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitumika kwa mkubwa na mdogo bila kubagua cheo, kwa sababu kijana hupata ujasiri zaidi wa kupinga hoja ya Ndugu Mhasibu kuliko hoja ya mama.

Nawe usisahau kuwaamkia waliokutangulia. Meneja wetu ana miaka 34, na kila asubuhi, kabla hajafungua ofisi yake, hupita mapokezi kumpa shikamoo tarishi wetu, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Mzee yule huweka chini bahasha zake, huitikia marahaba, kisha humweleza meneja bila woga wowote ni barua zipi zimecheleweshwa na ofisi yake.