Mlingoti unayumba, data inapotea mvua ikinyesha

Ndugu wa Masaka, nimekuelewa: mlingoti wako wa kupima upepo, mita 10, unayumba, na kinasa data hukatika kila mvua ikinyesha. Kwanza, usiupande, hata ukiwa na mkanda wa usalama. Kaza nyaya za kuushikilia ukiwa chini, zote tatu kwa zamu, kidogo kidogo. Ukivuta mmoja tu utaupinda.

Kisha fungua kisanduku cha kinasa data. Changu kule Mbarara nilikikuta kimejaa sisimizi na mayai yao, na maji yalikuwa yakifuata waya hadi ndani. Waya uingilie chini, ukining'inia kidogo kabla ya tundu ili tone lidondokee nje. Ziba tundu, weka vifuko vya kukausha unyevu. Betri ipime usiku. Mchana sola inaichaji, kwa hiyo kipimo kinakudanganya.

Radi ndiyo ninayoiogopa, hasa huko kwenu karibu na Ziwa Victoria. Wingu likinguruma, ondoka, hata kama umebakiza skrubu moja. Waya wa athi, ule unaopeleka umeme wa radi ardhini, apime fundi umeme mwenye leseni. Na kama mlingoti ukianguka unaweza kugusa nyaya za umeme, usiushushe mwenyewe.