Dada, usichague mtindo mmoja

Juzi dada mmoja kaniandikia. Ana miaka 43, aliacha kuimba alipoanza kulea, na sasa ana nyimbo tisa mkononi: za roki, za rege, za taratibu, na moja ya kucheza. Prodyuza wake kamwambia achague mtindo mmoja, asije akaonekana hajui anachotaka. Ananiuliza, "Nichague?"

Usichague. Mimi nilichagua, na bado inaniuma.

Nilirudi studio baada ya miaka tisa ya ukimya. Jamaa wa kwenye mashine alisikiliza nyimbo zangu tatu, akazima, akaniambia, "Mama, kwa umri wako imba za taratibu tu." Nikatii. Nikaziacha nyimbo nne nilizozipenda kuliko zote. Albamu ikatoka, ikapita kimya kimya. Nikiisikiliza leo namsikia mwanamke anayeomba radhi kwa kurudi.

Aliyenizindua ni Tina Turner, yule mwimbaji wa Marekani. Albamu yake Private Dancer nilikuwa nayo tangu zamani, ila sikuwahi kuisikiliza kwa sikio la mtu wa kazi. Ilitoka 1984, yeye akiwa na miaka 44. Alikuwa amemkimbia Ike, mumewe aliyekuwa akiimba naye, mwaka 1976, na albamu alizotoa peke yake mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini hazikufika popote. Kilichomfungulia mlango ni Let's Stay Together, wimbo wa zamani wa mwimbaji Al Green, aliourudia Uingereza na Martyn Ware wa bendi ya Heaven 17, vijana wa vinanda vya umeme. Ulipovuma, albamu ikatakiwa haraka.

Sasa sikiliza ilivyotengenezwa. Maprodyuza kadhaa, kila mmoja na mkono wake. Rupert Hine akaleta roki. Terry Britten akaleta pop yenye mwendo wa rege kwa mbali. Wimbo uliobeba jina la albamu ulitungwa na Mark Knopfler wa bendi ya Dire Straits, na gitaa linalolia humo ni la Jeff Beck, mpiga gitaa wa roki. Kwa hesabu ya yule jamaa wangu, hiyo ilipaswa kuwa fujo. Lakini ukiisikiliza mwanzo hadi mwisho unakutana na mtu mmoja tu, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeyaona mengi na haoni haya kuyasema. Sauti ndiyo iliyoshona vipande vyote.

Na ule wimbo wa Britten, What's Love Got to Do with It, uliokaa namba moja Marekani Septemba 1984, kisha ukachukua Grammy ya rekodi ya mwaka, Tina mwenyewe hakuupenda alipousikia mara ya kwanza. Akauimba hata hivyo, kwa namna yake. Hapo ndipo wengi tunapokwama, jamani. Tunataka kurudi na kile tulichokizoea, tukidhani watu wanatusubiri palepale tulipowaacha.

Mwaka huu nimerekodi upya. Maprodyuza wanne, na zile nyimbo nne zimo zote. Nilipomaliza ya mwisho nilikaa chini nikalia, na siioni sababu ya kuficha. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kwa hiyo, dada yangu, wape maprodyuza tofauti nyimbo tofauti, lakini uamuzi wa sauti usimwachie mtu. Imba kama wewe wa leo, si yule wa miaka ishirini. Na ule wa roki uliosema umeuficha kwenye simu, usiufute. Shusha kii, yaani kimo cha sauti, kidogo, uimbe tena, unitumie.