Ninavyopanga muda wangu bila presha hapa Mwaloni

Nauza dagaa kwa jumla soko la Mwaloni, Kirumba, na nyumbani kwangu ni Buhongwa. Anayeijua Mwanza anajua hapo kuna mji mzima wa kukatiza asubuhi na jioni. Wenzangu huniuliza mbona sionekani nikihangaika. Kwanza kabisa, sijazi siku kwa saa. Natenganisha mambo yaliyo mikononi mwangu na yale yanayosubiri mtu mwingine, au ziwa, au jua.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, nyavu zikavutwa. Mbalamwezi ikikolea taa hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika kwa siku kadhaa kila mwezi. Sokoni wengi huzihesabu siku hizo kuwa za hasara, wanashinda wanalalamika. Mimi ndizo ninazozitegemea. Hapo ndipo naenda kupima presha, naonana na walimu wa watoto, nafunga hesabu, na mchana nalala bila kumwonea mtu aibu. Wifi yangu akiniita kikao cha harusi, naangalia mwezi kabla sijajibu. Zamani alinicheka, sasa ananipigia kabla hajataja tarehe.

Na wewe, vyovyote kazi yako ilivyo, kuna kipindi inapoa. Mama lishe anacho kati ya chai na chakula cha mchana, mwalimu anacho baada ya mitihani, bodaboda anakijua mwenyewe. Kitafute, kisha kipe kazi mapema. Ukikiacha wazi, umbeya utakijaza. Nasema kwa kuwa nauona kila mwezi.

Halafu kuna ahadi, na hapa ndipo watu wanapojitia presha wenyewe. Dagaa wabichi wakianikwa asubuhi na jua likawaka sawasawa, jioni unaweza kuwaanua. Mvua ikinyesha, wanalala na unyevu, wanaanza kuharibika na bei inashuka hadi ya chakula cha kuku. Sasa mteja wa Kahama anapiga: "Mama, mzigo kesho saa nne?" Ukijibu "ndiyo" umemwahidi jua ambalo si lako. Mimi namwambia, "Baba, nikishafunga magunia nitakupigia." Nikishafunga, napiga kweli, hata kama ni usiku. Mteja akizoea hivyo, simu za "umefika wapi?" zinapungua, na hizo ndizo zinazopandisha moyo juu kuliko kubeba gunia.

Nikiwa kwenye mzani simu naizima. Hilo halina mjadala.

Safari nazo nazipanga kwa kufuata barabara. Nikitoka Buhongwa napita Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni na Igogo kabla ya mjini, kwa hiyo shughuli za Nyegezi zinasubiri siku nitakayoshuka Nyegezi. Kupanda daladala ya kurudi kwa ajili ya kitu kimoja kilichosahaulika kunakula nusu siku, na unafika nyumbani ukiwa mkali kwa watoto wasio na kosa.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, sisi tunaofuata mzigo upande wa Sengerema na Geita tumepata nafuu kubwa. Foleni ya kivuko ilikuwa inaweza kula saa mbili au zaidi. Leo unavuka kilomita 3 hivi kwa dakika chache. Lakini wapo wenzangu walioongeza safari nyingine palepale, na uchovu wao uko vilevile. Muda niliookoa mimi niliuwekea jina siku ileile: kula cha jioni na familia kabla giza halijaingia. Faida ya safari ile ya ziada naijua, na nimeamua kuiacha.

Wageni wa ghafla wa Jumapili bado sijawapatia dawa. Kwetu Usukumani huwezi kumwambia mtu arudi siku nyingine, hata kama umepanga kulala. Kwa hiyo nikishamkaribisha na kumpa maji, naleta ungo wa dagaa wa mboga, tunachambua wote huku tukipiga stori. Shangazi yangu mmoja siku hizi anakuja na kanga ya kujifunga kabisa.