Ofa ya Black Friday: andika bei ya mwisho

Dada, umeuliza kama inatosha kuwatumia wenzako picha ya bidhaa na maneno "nusu bei" msimu huu wa Black Friday, yaani punguzo la bei la Novemba. Haitoshi. Nusu ya bei gani? Wapo wauzaji wanaopandisha bei Oktoba ili Novemba waikate kwa mbwembwe. Kama unaikumbuka bei ya kabla ya msimu, itaje, hiyo ndiyo yenye maana.

Halafu andika jumla itakayotoka kwenye M-Pesa, usafiri ukiwemo. Blenda ya shilingi 2,500 mtu wa Nairobi ataifurahia. Wa Lodwar, mbali kaskazini mwa Kenya, akijumlisha usafiri huenda akakuta ya duka la jirani ni nafuu. Taja modeli kamili pia, maana TV mbili za inchi 32 hufanana kwa sura kumbe moja ni smati na nyingine si smati. Andika pia ni saa ngapi uliiona ofa, kwani ofa nyingine huisha chai haijapoa.

Ikiisha, rudi useme imeisha. Watu hulipuuza hili, ilhali ndilo linalookoa bando za wenzao.

Linki inayokuingizia kamisheni weka tu, hakuna ubaya, mradi useme wazi. Ila zile za "tuma kwa watu 20 upate simu ya bure" usizisambaze hata ukiletewa na shangazi. Nyingi ni mitego ya kuchota namba na nywila za watu.