Babu anafumbua mdomo, sauti haitoki

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga video za harusi hapa Tanga. Majuzi nilichukua sauti ya ukumbini kwa waya kutoka kwenye miksa ya fundi mitambo hadi kwenye kamera. Nimehariri kwa Premiere Pro, na kwenye hedfoni nasaha za babu wa bibi harusi nazisikia. Mwenye shughuli akifungua kwenye simu yake, muziki niliouweka chini unasikika, lakini babu anafumbua mdomo tu. Nimepandisha sauti hadi mwisho, wapi! Nimeshakata dakika 40, sitaki kuanza upya.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tulia, maneno ya babu yapo yote.

Vuta karibu ile michirizi ya sauti ya klipu mpaka uone mawimbi yenyewe. Mstari wa juu ukipanda, wa chini unashuka, kama kilima na kivuli chake majini. Hapo ndipo penye ugonjwa. Tundu kubwa la kutolea sauti kwenye miksa nyingi hupitisha sauti ile ile kwenye nyaya mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa. Kifaa kilichotengenezwa kwa mpango huo huigeuza tena ya pili na kuziunganisha, na makelele yaliyodakwa njiani yanafutana. Kamera yako haina habari hiyo. Tundu lake dogo la maiki ni la stirio, yaani hupokea pande mbili, kushoto na kulia, basi waya wa kwanza ikauita kushoto, wa pili ikauita kulia. Simu yenye spika moja hujumlisha kushoto na kulia: mmoja unasukuma, mwenzake anavuta, jumla ni kimya. Ndiyo maana kupandisha sauti hakukufaa kitu. Muziki haukupita kwenye waya ule, ukapona.

Kwenye hedfoni hukugundua kwa sababu kila sikio lilipata wimbi lake. Lakini sikiliza tena: sauti ya babu haikai katikati ya kichwa, imetawanyika pembeni. Na ule mshale wa kiwango cha sauti usikudanganye, pande zote mbili zitapanda sawasawa.

Dawa ni kuutupa upande mmoja. Kwa kuwa umeshakata, tafuta efekti iitwayo “Fill Right with Left”, chagua klipu zote za kamera ile, uidondoshe juu yake mara moja. Upande wa kulia unafutwa, wa kushoto unanakiliwa mahali pake. Muziki usiuguse, utauharibu. Anayehariri kwa programu ya DaVinci Resolve afungue “Clip Attributes”, sehemu ya sauti, abadilishe kutoka stirio kwenda mono, yaani sauti ya upande mmoja tu, na achague chaneli ya 1. Hata ile shida ya maiki ya kifuani kusikika sikio moja tu hutibiwa hivyo hivyo.

Siku nyingine muombe fundi mitambo matundu ya RCA yaliyoandikwa “Rec Out” au “Tape Out”. Hayo hayana huo mgeuzo. Na kabla ya kukabidhi kazi, ingia kwenye mipangilio ya simu, upande wa ufikivu, washa sauti ya mono ili kushoto na kulia zijumlishwe, vaa hedfoni, usikilize nasaha zote. Zote, mwanangu. Watu wetu harusi wanaitazamia kwenye simu.

Faili za kamera usizifute hata ukishalipwa. Mimi kosa hili nililifanya kwenye nikahi moja, na hakuna aliyelalamika kwa miaka miwili. Siku mzee aliyetoa nasaha alipofariki, wanawe wakaitafuta sauti yake kwenye simu, wakaona midomo tu. Faili la awali nilikuwa nalo kwenye diski. Kulirekebisha hakukuchukua hata dakika tano, jioni ile ile nikawapelekea. Binti yake mkubwa alisikiliza mara tatu, nami nimesimama mlangoni na viatu mkononi.